Pesa ya umma kwa sanaa na afya: si kuchagua kimoja

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini vikundi vya ngoma na maigizo vipewe pesa ya umma wakati zahanati hazina dawa. Uchungu wako naelewa, ila dawa haimfikii mtu anayeona aibu kwenda kuifuata.

Tazama Malya, Mwanza, mwaka 1982 hadi 1983. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama akiwemo, walikaa na wanakijiji wakachunguza pamoja tatizo la mimba za wanafunzi, kisha wakalitengenezea mchezo na ngoma na kulijadili hadharani. Baba anayekwepa mkutano wa afya, ngoma ikilia atasimama mpaka mwisho, na lile lisilotamkika nyumbani kwake atalisikia mbele ya majirani. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Si porojo za wasanii.

Kinachoniuma ni aina ya pesa tunayotoa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha, na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu nayo ni mkopo. Kikundi kinachoigiza bure uwanjani kuhusu kifua kikuu kitarejesha kwa mapato gani? Hicho kinahitaji ruzuku, tena iingizwe kwenye bajeti ya halmashauri, afisa utamaduni na mganga mkuu wa wilaya wakiipanga pamoja.