Wasomaji Wanauliza: Nani Alimuua Baba Yake Kafka?

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji wa ukurasa huu waisome riwaya ya Haruki Murakami iliyochapishwa Japani mwaka 2002, ambayo wengi wetu tunaipata katika tafsiri ya Kiingereza ya Philip Gabriel kwa jina la Kafka on the Shore. Inamhusu Kafka, kijana wa miaka 15 anayetoroka nyumbani kwao Tokyo, na mzee Nakata, asiyejua kusoma wala kuandika lakini anayezungumza na paka. Barua zilizotufikia zimejaa mshangao, na baadhi zimejaa hasira. Tunazijibu nne.

Nimeufikia ukurasa wa mwisho na bado sijui nani alimuua yule mchongaji, baba yake Kafka. Kisu alikishika mzee Nakata, damu imeonekana kwa mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa mji mwingine kabisa. Je, kuna mahali nimeruka? (Msomaji, Tanga)

Hujaruka mahali, ndugu yangu. Umeshika hasa pale ambapo riwaya nzima imefungwa. Usiku ule Kafka anazinduka vichakani karibu na hekalu huko Takamatsu, katika kisiwa cha Shikoku, fulana yake imelowa damu isiyo yake, na hakumbuki saa kadhaa zilizopita. Huko Tokyo, Nakata amemchoma kisu mtu mwenye kofia ndefu anayechinja paka na kujiita Johnnie Walker, kama yule wa chupa ya wiski, lakini anapoamka hakuna hata tone la damu kwenye nguo zake, na anayekutwa ameuawa kwa kisu ni yule mchongaji. Ni kana kwamba kitendo kimebaki kwa mmoja na alama yake imehamia kwa mwingine.

Msomaji wa Kijapani ana jambo la kushikilia hapa ambalo sisi hatukulelewa nalo, na mwandishi amemtuma Oshima, yule mtunza maktaba, alieleze ndani ya kitabu chenyewe. Katika Hadithi ya Genji, aliyoiandika Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, roho ya Bibi Rokujo inautoka mwili wake akiwa hai, inakwenda usiku kumdhuru mke wa Genji, na mwenyewe hana habari kwamba wivu wake umesafiri. Mimi naisoma riwaya hii kwa njia hiyo: chuki ya mtoto ndiyo iliyosafiri, na mkono wa mzee, ambaye tangu ajali ya utotoni mwaka 1944 amebaki kama nyumba isiyo na mwenyewe, ndio ulioazimwa. Kumbuka pia kwamba baba alikuwa amemtabiria mwanawe kwamba atamuua. Hata hivyo, sitakuambia kwamba hilo ndilo jibu, kwa sababu kitabu hakijalitia muhuri.

Kwa nini mwandishi mzito kama huyu amewaweka ndani ya riwaya mzee wa kuku wa kukaanga na mtu wa chupa ya wiski? Niliona ni dhihaka. (Msomaji, Arusha)

Si dhihaka hata kidogo. Nchini Japani sanamu ya Colonel Sanders, yule mzee wa nembo ya KFC, husimama nje ya migahawa hiyo ya kuku, kwa hiyo watu huipita kila siku bila kuitazama. Katika riwaya, yule anayejitokeza kwa sura hiyo anamweleza Hoshino, dereva wa lori, kwamba yeye si mungu wala si binadamu, hana umbo, na ameazima tu sura ambayo mtu ataitambua mara moja. Wazee wetu wa pwani husimulia jini aliyemjia mtu kwa sura ya jirani yake, na sababu ni ileile: kisicho na umbo hakiwezi kusema na wewe mpaka kivae umbo unalolijua. Murakami amechukua sura iliyoko barabarani badala ya iliyoko hekaluni, na kwangu huo ni ujasiri mkubwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Je, niiweke kwenye maktaba ya shule? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, Mwalimu. Kijana yule ana miaka 15, lakini kitabu ni cha watu wazima, na sura moja tu, ile inayosimulia kuchinjwa kwa paka, inatosha kumnyima mtoto usingizi.

Nimejiona mjinga. Nimesoma mara mbili lakini sijaelewa kwa nini samaki wanaanguka kutoka angani. Maana yake ni nini? (Msomaji, Zanzibar)

Dada yangu, ondoa neno hilo la ujinga. Riwaya ilipotoka, wasomaji wa Japani walimpelekea mwandishi maswali zaidi ya 8,000, naye akajibu yapata 1,200. Alichosisitiza ni kwamba mafumbo yamo lakini ufumbuzi haumo, na kwamba isomwe zaidi ya mara moja. Sisi tumezoea kitendawili: ukishindwa unaombwa mji, unautoa, unapewa jibu, mchezo umekwisha. Wajapani wale walitoa miji 8,000, na bado jibu moja la wote halikutoka.

Naomba uirudie sehemu ile polepole. Nakata anakwenda kituo kidogo cha polisi kukiri kwamba ameua mtu. Polisi kijana anamwona mzee aliyechanganyikiwa, haandiki chochote, anamruhusu aende zake. Kabla ya kuondoka, Nakata anamshauri kwa adabu kwamba kesho jioni asisahau mwavuli, kwa kuwa watanyesha samaki. Kesho yake wananyesha kweli, wa jamii ya dagaa pamoja na vibua, wanadundadunda barabarani mtaa wa Nakano. Ukiuliza tu samaki wamesimama badala ya nini, utampita yule polisi, ambaye sasa anajua kwamba mzee hakuwa akiweweseka na kwamba yale maungamo hayakuandikwa popote. Mimi niliposoma mara ya pili, hofu yake ndiyo iliyonishika, na samaki nikawaacha waanguke.

Jaribu kumsoma Nakata peke yake, yaani sura zenye namba shufwa tu, kisha uniandikie ulichokiona.