Siku ya 16 kwenye mashine ya kupumulia: tuanze steroidi?

Swali: Shikamoo daktari. Nafanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi. Tuna mgonjwa wa nimonia iliyomletea ARDS, yaani mapafu yote yamevimba na kujaa majimaji hadi oksijeni haipiti vizuri. Leo ni siku ya 16 yuko kwenye mashine ya kupumulia na bado anahitaji oksijeni nyingi. Hajapewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, hata mara moja. Mwenzangu anataka tumwanzishie methiliprednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, leo, mimi nasita. Unashauri nini?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kugusa dawa, fungueni faili mhesabu siku upya. Zinazohesabiwa ni siku tangu mapafu yenyewe yaharibike, wala si tangu awekewe mashine. Mtu anaweza kuingia kwenye mashine kwa sababu nyingine, ARDS ikamkuta wiki moja baadaye. Kama kweli zimepita siku 16 tangu ARDS ianze, msimwanzishie.

Mwanzoni vifuko vya hewa huvuja kwa sababu kinga ya mwili imefurika kupita kiasi, na steroidi huituliza. Zikishapita wiki mbili, makovu huwa yameanza kushika nafasi. Kovu haliondoki kwa steroidi, ila madhara ya dawa yako palepale: sukari hupanda, maambukizi mapya hupata mwanya, misuli hulegea, ikiwemo ile ya kupumulia.

Marekani walilipima jambo hili kwa wagonjwa 180 waliokuwa na ARDS kwa siku 7 hadi 28, matokeo yakatoka mwaka 2006. Kwa jumla, vifo ndani ya siku 60 vilikaribia kulingana: asilimia 29.2 kwa waliopewa methiliprednisoloni na 28.6 kwa wasiopewa. Lakini kati ya walioingia utafiti baada ya siku 14 au zaidi, walifariki asilimia 35 ya waliopewa dawa, na asilimia 8 tu ya wenzao. Kundi hilo lilikuwa dogo, nakubali, ila hilo halinipi ujasiri wa kumjaribia mgonjwa wenu. Mwenzako simlaumu. Katika utafiti huohuo dawa ilipandisha oksijeni na kuwatoa watu kwenye mashine mapema, kisha wengi zaidi wakalazimika kurudishwa kuliko wale wasiopewa.

Kuanza mapema ni habari tofauti kabisa. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2020 ulitumia deksamethasoni, steroidi nyingine, miligramu 20 kwa siku kwa siku 5, kisha 10 kwa siku 5 nyingine, na vifo vya siku 60 vilikuwa asilimia 21 badala ya 36. Mwaka huohuo Uingereza, wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine walipewa miligramu 6 za dawa hiyohiyo kwa siku, vifo vikashuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Kwa hiyo mgonjwa ajaye, amueni siku za mwanzo, msingoje mengine yashindwe. Chanzo kikiwa virusi vya influenza, mimi huwa mzito kuanza.

Kwa huyu wa sasa, tafuteni maambukizi mapya: pelekeni makohozi maabara leo. Maji ya ziada mwilini yatoeni. Hakikisheni kila pumzi ya mashine ni mililita 6 kwa kilo, kwa uzito unaokokotolewa kutoka urefu wake, si ule wa mzani. Shinikizo la damu likiporomoka na mahitaji ya noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo, yakazidi kupanda, steroidi ya haidrokotisoni miligramu 200 kwa siku inakubalika, lakini hapo mnatibu mshtuko (huko kuporomoka kwa shinikizo la damu), si mapafu.