Msomi naye hukabwa usiku

Swali: Asalaam aleikum. Binti yangu anasomea uuguzi, lakini akikabwa usiku, yaani akizinduka usingizini asiweze kujisogeza, husema ni Popobawa, yule pepo wa Zanzibar anayesemekana kuvamia watu usiku. Mbona elimu haijamtoa hofu?

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Kukabwa hutokea akili inapoamka kabla ya misuli, ambayo hulegea wakati wa ndoto. Kifua huwa kizito, na wengine huona kivuli chumbani. Hayo humpata msomi na asiyesoma. Jina la kivuli ndilo mtu hulipata nyumbani. Zanzibar mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilifanya watu walale nje kwa makundi, na usingizi wa kukatikakatika huzidisha kukabwa. Zamu za usiku nazo huchangia. Alale kwa ubavu, si chali, kwa saa zisizobadilika. Akikabwa, asipapatike, ajaribu kutikisa kidole kimoja tu.