Jibu: Binti anaumwa tumbo kila Jumatatu

Habari dada. Umesema binti yako wa kidato cha pili, hapo Chikongola, Mtwara, tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi, na zahanati wamempima mara mbili hawakuona kitu. Tafadhali usimwambie anaigiza. Hofu inakaza tumbo kweli, maumivu anayasikia.

Wa kwangu alianza hivyo hivyo tulipokuwa Lindi. Kagua madaftari kwanza. La wangu la hisabati lilichanwa kurasa, na nyuma aliandika jina walilombandika darasani, kisha akalikwangua kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nililishika nikakosa nguvu. Sikumhoji. Tulikaa jikoni tunabangua korosho, giza lilipoingia akasema mwenyewe.

Nenda kwa mwalimu wa malezi kabla ya mkuu wa shule, na siku ya kwanza nenda peke yako. Mtoto akionekana ofisini, wenzake watamuandama zaidi. Ulizia pia viboko, na njia anayopita kurudi.

Asipolala, akikataa kula, au akitaja kufa, usingoje Jumatatu nyingine: mpeleke hospitali ya Ligula siku hiyo hiyo. Simu ya mtoto ni 116, bure. Kama ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, daktari ndiye wa kusema.