Umepata ubosi? Jua kwanza hilo neno limetoka wapi

Juzi msomaji kanitumia meseji, kapandishwa cheo, sasa wale aliokuwa nao ngazi moja bado wanamwita kwa jina lake na yeye anaona ni dharau, anauliza afanyeje ili wamwite bosi. Najibu hapa maana najua wengi mna ishu hiyohiyo, wote tunautaka ubosi.

Kwanza neno lenyewe. Waingereza hawakulitunga, limetoka kwa Waholanzi, wao wanasema baas, yaani mkuu wa kazi. Waholanzi ndio walioanzisha New Amsterdam kule Marekani, Waingereza wakauteka mji 1664 wakauita New York, ila maneno ya Kiholanzi yakabaki midomoni mwa watu, boss likiwemo. Sasa sikia hii. Mwanzoni mwa karne ya 19 vibarua wa kizungu Marekani walikuwa hawataki kabisa kumwita tajiri wao master, kwa sababu master ndivyo mtumwa alivyomwita aliyemmiliki. Wakashika boss. Yaani kazi yako nafanya lakini mimi si mali yako, jioni naenda zangu.

Nenda Afrika Kusini sasa, neno lilelile la Kiholanzi, huko mtu mweusi akalazimishwa kumwita mzungu baas, mzee mzima anamwita hivyo kijana mdogo, na utawala wa weupe wenyewe wakaupa jina baasskap. Inauma sana. Hata New York likachafuka, William Tweed aliyeishika siasa ya mji aliitwa Boss Tweed, akala pesa za umma na akafia jela 1878.

Mimi niliwahi kuwa chini ya mkuu mmoja, simtaji, ukimwambia habari za asubuhi anakaa kimya anachezea simu, mpaka urudie "habari za asubuhi bosi" ndo anaitika. Kuna mama wa usafi, umri wa kumzaa kabisa, alimrudisha mlangoni na ndoo yake mkononi eti aingie upya asalimie vizuri. Sijasahau mpaka leo. Nilivyopewa timu yangu nikasema kwangu hiyo haitatokea, na nashukuru Mungu, kazi ikibana watu wangu wanabaki mpaka usiku bila kusukumwa, wakati wale wa yule jamaa saa ya kutoka ikigonga tu huoni mtu.

Kwa hiyo ndugu yangu usilazimishe. Mtu akikosea mseme pembeni sio mbele za wenzake, wasikilize, wasalimie wewe kwanza, na narudia tena usilazimishe jina, cheo umepewa kwa ajili ya kazi sio kwa ajili ya kuabudiwa. Huyo anayekuita jina lako mwambie unataka nini na unakitaka lini. Akifanya, basi anakuheshimu, na akigoma mkae muongee kuhusu kazi, suala la jina liache kabisa.