Pumba zimeshika ukungu: usianike ukawapa ng'ombe, na maziwa usimpe mtoto

Ndugu mfugaji wa Usa River, nimesoma ulivyoeleza, maziwa yameshuka, ng'ombe anachagua chakula, ndama anaharisha, na zile pumba za mahindi ulizonunua zina mabonge ya kijivu, halafu mdau mmoja hapa jukwaani kakushauri uzianike juani uzimwagie molasi ng'ombe wale tu. Nakuomba sana usifanye hivyo. Yalinikuta huku Machame masika ya mwaka juzi na mpaka leo nikiona mtu anashauriwa hivyo roho inaniuma.

Magunia yangu kwa juu yalikuwa safi, pumba nyeupe, harufu nzuri. Kilichonishtua ni joto. Huku mwezi wa tano asubuhi ni baridi kweli lakini ukizamisha mkono gunia zima mpaka kwapani unakuta katikati pana vuguvugu, na ukiutoa umeshika donge limegandamana, ukilivunja linatoa vumbi la kijani na harufu ya uvundo inakaba koo. Wakati huo ng'ombe mkubwa alishaanza kuja kwenye hori, ananusa, anarudi nyuma, anakula migomba tu, kucheua kumepungua, manyoya yamesimama. Daktari wa mifugo akampima joto akakuta la kawaida, akashika tezi hazijavimba, ndigana, ile homa ya kupe, akaiweka pembeni, ndo akasema nionyeshe anachokula.

Sasa elewa kitu kimoja, ukungu na sumu ni vitu viwili. Jua linakausha ukungu usiendelee, lakini sumukuvu ambayo ukungu umeshaitengeneza inabaki humohumo hata kama pumba zimekauka na hazinuki tena. Molasi ndo mbaya zaidi maana inaficha ladha, ng'ombe aliyekuwa anakataa kwa akili yake unamlazimisha ale. Ile mbaya kuliko zote ni aflatoksini, inakula ini, na haina dawa ya kuiondoa mwilini, unachoweza ni kuondoa chakula na kumsaidia mnyama. Ng'ombe mzima tumbo lake la kwanza lina vijidudu vinavyovunja baadhi ya sumu za ukungu ndo maana anavumilia kuliko nguruwe au bata, ila aflatoksini inapita, na ndama ambaye tumbo hilo halijakomaa anaumia mapema. Kuna nyingine inaitwa zearalenoni, inapenda mahindi yaliyokaa kwenye baridi na unyevu kama huku mlimani, mtamba anavimba uke kama yuko kwenye joto la kutaka dume, unaita mtu wa uhimilishaji, yule wa kupandisha kwa mrija, kila mara na mimba haishiki.

Halafu maziwa, hapa naomba kila mtu asome. Ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake inageuka inatokea kwenye maziwa, kuanzia kama asilimia 1 mpaka 6 hivi, na inaonekana ndani ya siku moja tu. Kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa, Ulaya wameshusha mpaka 0.05, kwa sababu sumu hii inahusishwa na saratani ya ini na watoto ndo wanywaji wakubwa wa maziwa. Habari njema ni kwamba ukikata chakula kibovu leo, maziwa yanasafika ndani ya siku tatu nne hivi. Mimi kipindi hicho nilimwaga, sikupeleka kituoni wala sikumpa ndama, iliuma lakini watoto wa watu wanakunywa yale.

Kwetu kuna mazoea toka zamani, mama anachambua mahindi, mazuri ya ugali, yaliyooza wapewe ng'ombe. Na ukikoboa sumu nyingi inabaki kwenye pumba kuliko kwenye sembe, maana iko zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hii, sasa pumba za mahindi ya namna hiyo zinaenda wapi kama si kwa mifugo?

Siku hizi kabla sijalipa nafungua gunia nazamisha mkono mpaka katikati, muuzaji akikataa naondoka. Magunia yanakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, na masika sinunui ya muda mrefu. Mahindi ya kusaga mwenyewe napima kwa chumvi kavu, unaweka na punje kwenye chupa kavu unatikisa, chumvi ikinata ukutani bado yana maji. Mashudu ya alizeti na ya pamba nayo kagua hivyohivyo. Kuna unga wa udongo wa kufunga sumu tumboni, unasaidia kupunguza, lakini usiutegemee ukaendelea kulisha uvundo.

Hayo magunia uliyonayo yafukie, usimuuzie mwenye kuku wala nguruwe, wao wanaumia haraka zaidi. Na ndama mwite daktari leo, mwonyeshe na pumba zenyewe, asije akatibiwa minyoo peke yake.