Kabla Hujamtia Mtoto Kitu Kinywani, Uliza

Mzazi kwetu Pemba hakosi washauri. Hajamaliza hata siku moja tangu ajifungue, kitanda kimeshazungukwa: mama yake, mama mkwe, mawifi, jirani aliyeleta uji wa pilipili manga, bibi aliyekuja kumuona kitukuu na kichupa chake mkobani. Kila mmoja ana lake la kusema, na analisema kwa mapenzi. Wadogo zangu na mashoga zangu wanaoanza kuzaa sasa huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: nimsikilize nani? Wakiwafuata wazee kwa kila kitu, kliniki wanagombezwa. Wakiifuata kliniki peke yake, nyumbani wanaonekana wana kiburi.

Jawabu nililolipata kwa kulea wanangu, na kwa kukaa na wazazi wengi mtaani kwetu Chake Chake, ni kutazama ushauri wenyewe unamgusa nani. Ukiwa unamhudumia mama, upokee kwa mikono miwili. Ukiwa unataka kuingiza kitu kwenye mwili wa mtoto, iwe kinywani, kitovuni, machoni au kwa wembe, simama kwanza, uulize kwa mtu aliyesomea.

Arubaini, zile siku arubaini za mapumziko baada ya kujifungua, ni hazina. Mwanamke anarudi kwao, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, analetewa supu na bokoboko, nepi zinafuliwa na mtu mwengine, mchana analala na hakuna anayemuuliza kwa nini amelala. Dada zetu wanaozalia mbali na kwao, wakabaki peke yao ndani ya chumba na kichanga, wanajua thamani ya haya. Maziwa hutoka vizuri mama akiwa ametulia, ameshiba na hana maumivu. Wasiwasi na uchovu huyazuia yasishuke. Kwa hiyo mkandaji na mpishi wa supu nao wanamnyonyesha mtoto kwa njia yao. Nawaomba wanaume wasiikate arubaini kwa sababu nyumba imepwaya. Na aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo, wala maji ya moto yasifike kwenye mshono mpaka daktari aruhusu.

Jengine ambalo wazee hawalitaji sana ni moyo wa mzazi. Siku za mwanzo machozi huja bila sababu, kisha hupita. Yakivuka wiki mbili, mama hali, halali hata mtoto akilala, au anasema mtoto angekuwa bora bila yeye, hayo ni maradhi na yana tiba. Asomewe Kurani, ndiyo, na apelekwe hospitali vilevile. Wala asiachwe peke yake na mtoto.

Sasa nije kwa mtoto, na nianze na maji, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapogombana. Ikifika kaskazi, joto limekaza na umeme umekatika, hakosekani mtu wa kusema: huyu mtoto ana kiu, hebu mtieni japo kijiko kimoja. Maziwa ya mama karibu sehemu tisa katika kumi ni maji. Mtoto akiwa na kiu atanyonya mara nyingi zaidi, na maziwa yanatosha kumkata kiu hiyo hata katika joto letu. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo bila kulisha, mtoto ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya siku chache mama anasema maziwa yake hayatoshi, kumbe ni maji yaliyoyapunguza. Sijataja bado kisima chenyewe, ndoo na kijiko vimepita mikono mingapi. Visiwa vyetu vinakijua kipindupindu vizuri.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 ya kuzaliwa na anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, ila dawa alizoandikiwa. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, wapo wanaoyakamua wakayamwaga kwa kudhani ni machafu. Msiyamwage. Ni machache kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo, na yamejaa kinga. Nikizungumza na bibi asiyekubali maneno ya kliniki humkumbusha aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha. Hapo mazungumzo hubadilika, kwa sababu tunarudi kwenye jambo tunaloliamini sote.

Utajuaje kama anashiba? Usitazame kilio. Watoto wengi hulia zaidi wakikaribia wiki 6, kisha hupungua kufika miezi 3 au 4, na kilio hicho ndicho kinacholeta nyumbani kila chupa ya dawa ya msokoto wa tumbo. Tazama nepi: baada ya wiki ya kwanza, kichanga kinacholowesha nepi 6 au zaidi kwa siku kinapata maziwa. Tazama uzito kwenye kadi. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na akifika wiki 2 awe ameurudia uzito aliozaliwa nao. Titi likiuma au likichubuka, mara nyingi mtoto hakushika vizuri. Afungue kinywa wazi, achukue na weusi wa titi, si chuchu tupu. Muombe mkunga akutazame ukinyonyesha. Dakika hizo kumi zimewaokoa wazazi wengi ninaowajua wasikimbilie maziwa ya kopo.

Asali nayo naitaja kwa sababu kwetu inapendwa. Mtoto asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka 1, hata ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda na vinavyolegeza misuli mpaka ya kuvutia pumzi. Familia inayotaka kufanya tahniki, yaani kumpaka kichanga kitu kitamu kinywani, suna ilikuja na tende. Mikono ioshwe na kiwe kidogo mno. Nywele za akika zinyolewe kwa wembe mpya uliofunguliwa hapo hapo.

Kitovu kiachwe kikavu. Si majivu, si wanja, si mafuta, si dawa ya meno. Hapa Pemba penyewe ulifanyika utafiti mkubwa, ukachapishwa mwaka 2016, wa kupaka dawa ya kuua vijidudu kwenye vitovu vya watoto wachanga, na hata dawa hiyo haikuonyesha kupunguza vifo kwa kiasi cha kuaminika kuliko kukiacha kitovu kikavu. Kikianza kunuka, kutoa usaha au ngozi ya pembeni kuwa nyekundu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Wanja wa machoni pia uachwe. Aina nyingi zina madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo unaokua.

Kuna mambo mawili ambayo nikiyasikia moyo hunienda mbio. La kwanza ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mtoto amekohoa wiki nzima, mtu anasema kimeo kimeteremka, anaitwa wa kukikata. Kikohozi hakitoki kwenye kimeo. Kukikata kunaweza kuleta damu isiyokatika na vidonda vinavyooza, na chombo kisicho safi hupitisha maradhi kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwengine. Badala yake mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2 zikifika 60, wa miezi 2 mpaka 11 zikifika 50, wa mwaka 1 mpaka 5 zikifika 40, au ukiona chini ya mbavu panadidimia akivuta pumzi, huyo anaweza kuwa na kichomi, yaani nimonia. Kinatibika, ila kinataka dawa mapema.

La pili ni dege. Mtoto ana homa, mara anakakamaa, macho yanageuka, mikono inatikisika. Wazee wetu walifundishwa kwamba dege halipelekwi hospitali, kwamba sindano itammaliza, basi anafukizwa na kufunikwa. Naelewa hofu hiyo ilikotoka: watoto waliofikishwa wakiwa wamechelewa walifia mkononi mwa daktari, na sindano ikabeba lawama. Homa yenyewe huweza kumtia mtoto mdogo degedege na likapita salama, lakini malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza vivyo hivyo, na mtu aliyekaa nyumbani hana njia ya kuzitenganisha. Malaria imepungua sana Zanzibar, haijaisha, na kipimo cha tone la damu hutoa jawabu ndani ya nusu saa. Mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie chochote kinywani, si kijiko wala dawa wala maji, na usimuwekee moshi puani. Kisha muondoke. Anayetaka kusoma, na asome garini. Mama mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu kusema hivyo: kisomo hakichagui mahali.

Msidhani nawasema wazee tu. Duka la dawa nalo lipitishwe kwenye swali lile lile. Mtu akimuona mtoto kapauka ananunua chupa ya kuongeza damu. Kati ya mambo ambayo dunia imejifunza kutoka Pemba, hili ni kubwa: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu zaidi ya watoto 24,000 wa kisiwa hiki walio chini ya miaka 3, wale waliopewa madini ya chuma na foliki bila kupimwa kwanza walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, kwa tofauti ya asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi wakati ule, na chuma kilichozidi kilimfanya mtoto aumwe zaidi. Waliokuwa na upungufu wa kweli ndio waliofaidika. Kwa hiyo apimwe damu kwanza, na daktari ndiye aseme. Hata antibiotiki ni hivyo hivyo: kuharisha kwa kawaida hakuitaki. Kunataka chumvichumvi ya pakiti (ORS) iliyochanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, titi lisisimame, na vidonge vya zinki vya miligramu 20, kimoja kwa siku, au nusu kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 mpaka 14 hata kama choo kimeshakaza.

Chanjo sitazizungumza kwa urefu, kwa sababu kadi inajieleza: kuzaliwa, wiki 6, 10 na 14, miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa, maana mtoto ameshakimbia na mama ameshashika mimba nyengine au amesharudi kwenye kilimo cha mwani. Iandikeni ukutani.

Akifika miezi 6 sasa alishwe, na alishwe kweli. Uji unaomwagika kwenye kijiko kama maji haumfai. Uwe mzito wa kukaa juu ya kijiko. Kisiwa hiki kina kila kitu cha kumlea mtoto bila kopo la dukani: changu aliyechambuliwa miba kwa subira, dagaa waliopondwa wakawa unga, yai, boga, ndizi, muhogo uliopondwa kwa tui, mchicha, papai, parachichi. Titi liendelee. Nisichokipenda ni kikombe cha chai na mkate wa boflo kila asubuhi. Mtoto anashiba, ananyamaza, mama anafanya kazi zake, lakini chai inazuia damu yake kupata chuma cha kwenye chakula, na boflo halina cha kumjenga. Wengi wa watoto wanaosemwa ni wadogo kwa sababu ukoo wao mzima una umbo dogo, ukiuliza chakula chao ni hicho.

Namna ya kuyasema haya kwa wakubwa ina umuhimu wake. Usimjibu mama mkwe kwa maneno ya kliniki mbele ya watu. Mchukue mwende kliniki pamoja, mtoto abebwe na yeye, asikie mwenyewe na aulize mwenyewe. Nesi mwenye adabu atamuamkia na kumueleza. Na mpe kazi. Mama, nikandie mgongo. Mama, nishikie mtoto nilale. Mama, hivi mlikuwa mnapika nini mzazi apate maziwa? Aliyeombwa msaada hana haja ya kulazimisha kichupa. Ikibidi kukataa, mume ndiye akatae kwa mama yake. "Mama, daktari kasema tusubiri kwanza" ikitoka kwa mtoto wake haivunji udugu.

Kichanga kikiacha kunyonya, kikawa cha moto au cha baridi isiyo ya kawaida, kikalegea, au kikawa manjano ndani ya saa 24 za mwanzo au manjano yakafika viganjani na nyayoni, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo: msisubiri kukuche na msikae mkimuanika juani. Walio Kojani, Kisiwa Panza, Makoongwe na visiwa vyengine vidogo wana haki ya kujiandaa zaidi kuliko sisi wa mjini: kabla ya mwezi wa kujifungua, baba awe na namba za manahodha wawili, pesa ya mafuta iwekwe kando isiguswe kwa harusi wala kwa sikukuu, na mwenye boti ya faiba akubali mapema kwamba hata saa nane ya usiku, maji yakiwa yamekupwa, atatoka.